Geuza Ukurasa, Dada

2 Juni

Dada yangu mpenzi,

…na jibu la swali lako ni ndiyo, ndiyo, ndiyo! Uliniuliza pale dirishani, basi likapiga honi, likaondoka, ukabaki kwenye vumbi umekinga sikio kwa kiganja. Nilikujibu, ila kioo cha dirisha kilikuwa kimekwama. Basi nakujibu sasa kwa wino: nina furaha. Nina furaha mpaka naona haya kuwatazama watu wasio na mume. Na usiniambie ni mapema mno, eti ndoa changa ni kama chai iliyotoka jikoni sasa hivi, kila mtu anaisifu kwa kuwa ya moto. Hii yangu naijua.

Ngoja nikuonyeshe tunapoishi. Ni chumba kimoja na nusu, juu ya karakana yake. Hiyo nusu ndiyo jiko. Ngazi ni za mbao na zinalia kila mtu anapopanda, kwa hiyo nayajua mapigo ya miguu yake kabla sijamwona: daraja la tatu halikanyagi, hulirukia kama mtoto. Huko chini ndiko anakosaga vioo vya miwani. Jiwe linazunguka, maji yanadondoka, yeye ameinama, amekunja uso kana kwamba kioo kimemtukana. Akipanda juu nyusi zake zimejaa unga mweupe, ni babu wa miaka themanini. Namfuta kwa upindo wa gauni, babu anaondoka, mume wangu anarudi. Kila siku naolewa upya, Dada!

Habari ya tulivyokutana ulishaisikia, lakini nakusimulia tena, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unawajibu wateja kwenye simu na ukasema "safi sana" mahali pa kusema "masikini." Nilikwenda kwake nikiwa nimeshakata tamaa na macho yangu. Nikishika kitabu, mistari inakimbia. Nasoma aya, nafika chini, sijui juu kulikuwa na nini. Mimi, ambaye kidato cha pili nilimaliza riwaya nzima nimekaa juu ya tangi la maji mpaka Mama akanitafuta kwa majirani! Akanikalisha mbele ya kile kibao cha herufi, akanipima jicho la kulia, la kushoto, akanibadilishia vioo. Mwisho akasema, "Dada, macho yako ni mazima kuliko yangu. Kinachokimbia si mistari." Nikamwambia nimekuja na pesa ya miwani na sitoki bila miwani. Akakataa kuniuzia! Nikamwuliza, basi kinachokimbia ni nini? Akakuna kichwa. "Sijui," akasema. "Lakini na mimi ninacho. Juzi nimesoma maelekezo ya mashine mpya, nikaishia mstari wa nne, nikajikuta natazama mtu asiyenijua akikata tikiti maji."

Tukacheka wote wawili mpaka mteja wa nje akachungulia. Hapo ndipo nilipompenda. Mtu anayekunyima miwani na kukupa ukweli, utamwacha uende wapi?

Sasa nisikilize. Chini ya mguu wa meza yetu mpangaji wa zamani alikuwa ameweka kitabu ili isiyumbe. Kinene, hakina jalada, kurasa za mwanzo hazipo, kwa hiyo hatujui kinaitwaje wala kaandika nani. Tukakitoa, tukaweka tofali. Jioni tukajaribu kukisoma kwa sauti, mimi ukurasa, yeye ukurasa. Dada, ilikuwa fedheha! Nilisoma aya moja mara nne. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unatambaa kitandani wenyewe, unaitafuta simu, kama mguu wa kuku aliyekwisha kuchinjwa. Na yeye anasoma huku kidole gumba kinasugua karatasi kwenda juu, eti aya iondoke.

Nikaona hapana. Nitatawaliwa na mume kwa hiari yangu nikipenda, lakini si na kitu kinachochajiwa. Nikatoa shauri, naye akalikubali kabla sijamaliza: mwezi wetu huu wote hakuna intaneti ndani ya nyumba. Kisimu cha vitufe cha karakana kinatosha kwa wateja. Tukala kiapo tukiwa tumesimama, kama siku ya harusi. Simu yangu ameifungia kabatini na ufunguo anao yeye, na yake nimeifungia mimi kwenye droo, na ufunguo wake nimeuvaa shingoni kama kidani, naoga nao. Kila mmoja ni bwana jela wa mwenzake! Akiniomba ufunguo namwambia nipe busu, akinipa busu namwambia bado sijaridhika, mpaka anasahau alikuwa anataka nini.

Na kwenye kundi la familia la simuni nimejitoa. Msininunie. Penye wengi pana mengi, na mengi yale yalikuwa yananifanya nifikiri kwa vipande. Nilikuwa nikianza kumfikiria mtu, kabla sijafika katikati nimeshamhukumu, nimehamia kwa mwingine. Sasa nafika ukurasa wa arobaini, na mjane wa kwenye kitabu amejenga nyumba mara mbili na mara mbili mashemeji wameibomoa, na Fundi wangu amewakasirikia mpaka leo kavunja kioo cha mteja.

Niandikie kwa kalamu. Kondakta wa basi la asubuhi ananifahamu.

Mdogo wako anayeng'aa,
Kitinda


5 Juni

Kitinda,

Naandika haraka, kuna magauni sita ya wasimamizi mezani na mashine inakata uzi. Mdogo wangu, usiogope. Tumeshajua.

Barua yako nimeifungua nikiwa dukani, nimeona kila kitu. Umejitahidi kuchekacheka ili asistuke akiisoma, lakini mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni. "Simu yangu ameifungia kabatini na ufunguo anao yeye." Mwanamume gani huyo? Baba mwenyewe hakuwahi kumfungia Mama hata mlango wa choo!

Nimeupiga picha ukurasa nikauweka kwenye kundi, sikuweza kukaa nalo peke yangu. Watu wamewaka. Shangazi kaandika kwamba alimwona siku ya harusi na jicho lake halikumpendeza. Binamu yetu fundi bomba kasema apewe nauli tu, kazi nyingine ataifanya mwenyewe kwa spana. Mke wa kaka katuma mkanda wa video wa mwanamke aliyefungiwa ndani na mumewe, huyo naye ilianza hivihivi, na simu. Nimelia nikiwa na pini mdomoni. Mpaka jioni kulikuwa na majibu mengi kuliko siku uliyoposwa.

Nimepiga kile kisimu cha karakana. Kapokea yeye, sauti tamu, "Shikamoo Dada, mwenzangu ametoka." Ametoka! Ndivyo wanavyosema wote.

Mama sikutaka ajue ila shangazi alimpigia. Anapangapanga vyombo tu. Mjomba ameshaita kikao.

Sikiliza. Kama barua unaandika amesimama nyuma yako, weka kitone cha wino kwenye pembe ya chini ya karatasi. Nitaelewa.

Wewe si wa kwanza na hutakuwa wa mwisho. Nguo utaziacha, nguo nitakushonea nyingine.

Dada yako


7 Juni

Dada,

Sijaweka kitone. Ukiona doa ni chai, nimeimwaga mwenyewe kwa hasira.

Chukua barua yangu ya kwanza. Najua ipo, hutupi karatasi, unazikatia ruwaza za magauni. Tazama mstari wa mwisho wa ukurasa ulioupiga picha. Unaishia wapi? "Ufunguo anao yeye." Karatasi ilikwisha pale, Dada! Ilikwisha karatasi, sentensi haikwisha. Sasa fanya kitendo ambacho hukukifanya. Geuza ukurasa.

Umeona? Droo. Kidani. Busu. Mabwana jela wawili. Shauri ni langu, mimi ndiye niliyelitoa! Nilikuandikia karatasi tatu, mbele na nyuma, nikakumwagia moyo wangu wote, na wewe umesoma kipande kinachoenea kwenye kioo cha simu, ukakipiga picha, ukakipeleka sokoni. Yote yaliyofuata hayakusomwa na mtu hata mmoja katika ukoo wenye walimu watatu.

Sasa nikueleze picha yako ilikotembea. Binamu wa spana kaituma kwa rafiki yake, rafiki anaye dada huku kwetu, na huku kwetu kuna kundi la mtaa. Jana asubuhi nimekaa mezani pangu pa mbele, nimeshika bisibisi ndogo, nabana mkono wa fremu. Kaingia mteja wetu wa siku nyingi, mama mmoja mwalimu mstaafu. Kasema, "Nirudishieni fremu yangu, siwezi kuvaa usoni kitu kilichotoka kwenye mikono ya mtu wa namna hiyo." Nikasimama. Nikamwambia, "Mama, huyo mke anayesemwa ndiye mimi." Unajua alifanya nini? Alinitazama kwa huruma, akaushika mkono wangu, akaniambia polepole kama anamwambia mgonjwa, "Najua, mwanangu. Najua. Lazima useme hivyo."

Dada, nilikuwa nimesimama mbele yake! Nina ufunguo shingoni, nina unga wa kioo kwenye shavu kwa sababu ndiyo kwanza nimetoka kubusiwa! Na bado aliamini picha, mimi akaniona ndiyo uongo. Nikicheka, naficha. Nikilia, imethibitika. Nikinyamaza, nimenyamazishwa. Niambie mtu atoke vipi kwenye shimo la namna hiyo.

Fundi wangu alisikia yote. Alifunga ile fremu kwenye kitambaa laini, akampa, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisaga kioo kimoja siku nzima. Jioni akaniambia, "Mke wangu, tufungue tu. Tupige picha tumekumbatiana, tunacheka, uwatumie, yaishe." Akautoa ufunguo akauweka mezani.

Nikaurudisha mfukoni mwake.

Sitapiga picha. Sikia vizuri na uwasomee na wao: SITAPIGA. Sitasimama na mume wangu mbele ya simu tuoneshe meno kama watu wanaoomba kibali. Leo nitawatumia picha ninacheka, kesho watasema nimelazimishwa kucheka, keshokutwa watataka nicheke huku nikitembea. Furaha yangu haina shahidi na haitaki shahidi. Ningeweza pia kukupigia kwa kisimu cha karakana, na siku ile ulipopiga nilikuwa nimetoka kweli, nimekwenda kununua sabuni. Lakini sipigi! Kwenye simu utanisikia nusu huku unakata uzi. Barua utaishika kwa mikono miwili.

Nataka kitu kimoja tu kutoka kwenu. Mkalishe Mama, mkalishe Mjomba, simu zote mziweke chumba kingine, kisha wewe uliyeipiga picha ile barua uisome kwa sauti, neno kwa neno, kutoka "ndiyo, ndiyo, ndiyo" mpaka kwenye sahihi yangu. Mkimaliza, kama bado mnataka kuja kunichukua, njooni. Mtanikuta. Lakini mje na kamba.

Kitinda


10 Juni

Kwa mkwe wetu,

Salamu. Mimi ni mjomba wa mkeo, niliyeupokea mkono wako siku ya posa.

Kikao cha familia kimekaa. Yamesemwa mengi na sitayaandika. Kwa ufupi, binti yetu hatukumtoa ili afungiwe. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja nitafika kwako mimi na wazee wawili, tutazungumza, na tutaondoka naye apumzike kwa mama yake mpaka mambo yaeleweke. Usimzuie.

Barua yake ya pili kwa dada yake sijaonyeshwa. Naambiwa ni ya hasira na kwamba hiyo nayo ni dalili.

Mjomba


11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipokea, nimeisoma yote, kisha nimeisoma tena.

Karibuni sana. Mlango wetu hauna kufuli la nje. Kitasa chenyewe ni kibovu, mkeo akisukuma kwa kiuno kinafunguka. Nisamehe, nimekusudia mke wangu. Unaona ninavyoandika, mimi ni mtu wa vioo.

Sina ujuzi wa kujitetea, Mjomba, nitakwambia tu yaliyopo. Mfungwa kati yetu nadhani ni mimi. Wiki ya kwanza nilimdanganya: nilisema nakwenda kutazama mota ya jiwe, kumbe nimejificha nyuma ya mapipa na simu ya jirani, natazama mpira. Alinikamata. Hakunigombeza. Alikaa juu ya pipa, akafungua kitabu, akaanza kunisomea pale pale mbele ya jirani, kwa sauti kubwa, mpaka jirani naye akaizima simu yake akauliza, "Halafu yule mjane alifanyaje?" Sasa jirani huja jioni na kiti chake.

Mambo yalipochafuka nilimwomba tufungue simu tuwatumie picha. Mimi naogopa, sikatai, wateja wamepungua. Akaniambia, "Ukiifungua kwa woga, utaifungua kwa woga kila siku." Sijaoa mwanamke wa kufungiwa, Mjomba. Nimeoa mtu ambaye mimi mwenyewe namwomba ruhusa.

Lakini nina ombi, na ni la mkwe kwa mzee wake. Kabla hujapanda basi, mwambie shemeji akusomee barua ile ya kwanza yote. Si ukurasa. Yote. Ukishaisikia, uamuzi wako nitauheshimu, ingawa kumtoa ndani itabidi uniulize mimi kwanza, na nitakataa.

Mkwe wako,
Fundi Miwani


15 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa chini ndipo naandika. Mashine nimeifunika.

Mjomba alikuja na barua ya mumeo mkononi, hakuketi, akasema, "Ilete yote." Nikasema picha ipo kwenye simu. Akasema, "Sikuomba picha." Simu zikaenda jikoni, ndani ya sufuria, Mama akafunika kifuniko mwenyewe. Tukakaa sebuleni watatu. Nikaanza.

Kitinda, sikudanganyi, ilinishinda. Mimi nashona gauni la harusi lenye shanga elfu kwa siku mbili bila kuinua kichwa! Lakini barua ya mdogo wangu, kufika katikati ya ukurasa wa kwanza, macho yalishaanza kurukia chini kutafuta panapoumiza. Nikawa naruka. Mama akasema, "Mbona unaruka?" Nikasema siruki. "Unaruka. Mwanangu hawezi kutaja ngazi bila kusema zinaliaje." Nikarudi juu. Ngazi zinalia, daraja la tatu analirukia. Mama akatikisa kichwa, "Enhe. Huyo ndiye."

Simu ikatetemeka ndani ya sufuria. Unajua sauti ya simu ndani ya sufuria? Ni kama jogoo kafungiwa. Nikainuka nusu. Mjomba akanitazama tu, nikaketi.

Nikafika pale. "Ufunguo anao yeye." Nikatafuta mstari unaofuata. Karatasi ilikuwa imekwisha kweli. Mjomba akasema, "Haya, geuza." Nikageuza, nikasoma droo, nikasoma kidani, nikasoma naoga nao, na nilipofika kwenye busu sikuweza kusoma mbele ya Mjomba, nikamung'unya, na Mama akasema kwa sauti kavu kabisa, "Soma, tumeambiwa neno kwa neno." Tukasoma mabusu yote. Mjomba alitazama dari.

Tukamaliza mpaka kwenye sahihi yako. Halafu Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ile shangazi alipompigia. Alicheka mpaka akajifunika uso, nikajua alikuwa analia pia, na mimi ndiye niliyemfanya alie siku zote hizo, mimi na kidole changu. Mjomba akaichana ratiba ya safari. Akasema, "Nimekaa kikao cha saa nne juu ya nusu ya sentensi."

Sasa sikia la pili, na hili ndilo linaloniuma. Niliitoa simu kwenye sufuria nikaandika kwenye kundi. Nikaandika kila kitu, kwamba nilikosea, kwamba shauri lilikuwa lako, nikaweka picha za kurasa zote. Ukweli mrefu, mzuri. Unajua wangapi wamejibu? Wawili. Mmoja kaweka kidole gumba. Mwingine kauliza kama bado nashona sare za shule. Picha ya kwanza iliwaamsha mpaka waliolala, kurasa zako zote hakuna aliyezifungua. Shangazi nikampigia, akaniambia, "Ndefu mno, mwanangu, nitaisoma nikitulia," na papo hapo akaniuliza kama umesharudi nyumbani.

Kwa hiyo nimekuharibia na siwezi kukutengenezea. Gauni nikikosea nafumua. Hili halifumuki.

Lakini usinihubirie, nakujua. Simu ndiyo duka langu. Wateja wangu wako mle, watoto wangu wanakula kutoka mle, siifungii kabatini na sitaifungia. Nimefanya tu jambo moja: asubuhi, kabla sijaiwasha, nasoma ukurasa mmoja wa kitu chochote mpaka chini. Jana nilisoma maelezo ya rangi ya vitambaa. Yana maana, kumbe! Nilikuwa natia maji ya moto miaka yote hii.

Naomba radhi kwa mumeo. Kwake naona haya kuandika.

Dada yako


17 Juni

Dada, Dada yangu!

Nimeisoma barua yako ngazini, nimekaa kwenye lile daraja asilolikanyaga. Kisha nikamsomea Fundi kazini, nikapaza sauti juu ya jiwe linalozunguka, na tulipofika Mama aliposema "tumeambiwa neno kwa neno" alilizima jiwe, akaegemea ukuta, akacheka bila sauti kama anavyocheka, mabega tu. Huna haja ya kumwandikia. Amesema shemeji akimwonea haya itabidi na yeye aone haya kwa kumficha mjomba habari ya busu, na haya zikizidi nyumba haitatosha.

Nimekusamehe kabla hujaomba. Niliandika kwa hasira ile ili unisikie, si ili nikukose.

Na simu yako sitaihubiri. Ni cherehani yako ya pili, naheshimu. Mimi yangu mwezi ukiisha nitaitoa kabatini, si mjinga, nina dunia ya kuishi. Lakini itanikuta mtu mwingine. Jana nilisoma kurasa thelathini na sikujua kama mvua ilinyesha. Mkono haukutambaa. Nilipoinua kichwa nilikuwa na wazo refu, limeanza mahali na limefika mahali, la kwangu mwenyewe, na nilikaa nalo kimya nikaliangalia kama mtu anayeangalia pete yake. Hicho ndicho walichokuwa wanakuja kuniokoa nacho! Wajaribu.

Kuhusu kundi, usiandike tena. Usibembeleze. Mwenye macho haambiwi tazama, na wale wana macho. Mteja wetu yule mwalimu hajarudi, na wengine wawili hawajarudi, na mume wangu anawasalimia barabarani kwa majina yao kama zamani. Wakitaka miwani wanaijua njia. Sisi hatufungi duka kwa sababu ya picha.

Lakini kwa ukoo wetu nina dawa yangu, na nimeshamwambia Fundi, na amekubali kabla sijamaliza, kama kawaida yake. Tunakuja. Tutashuka mchana kweupe, stendi, watu wakituona, nimemshika mkono. Hatutaanzia nyumbani. Tutaanzia kwa shangazi aliyelikataa jicho la Fundi: tutabisha hodi, tutaketi, na atalitazama hilo jicho karibu, kwa muda mrefu, mpaka achoke yeye. Kisha kwa binamu na spana yake. Kisha kwa mke wa kaka. Nyumba kwa nyumba, kila aliyeandika neno. Hatutaeleza chochote wala hatutakana chochote. Tutaketi tu, tutakunywa maji, tutauliza habari za watoto, na mwenye swali ataliuliza kwa mdomo, macho yake yakiwa machoni mwangu. Tuone sasa ni nani atakayeniambia "lazima useme hivyo." Sitaondoka kwenye kiti cha mtu mpaka mtu huyo amenisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama itachukua siku nzima kwa nyumba moja, basi tutalala huko!

Ya mwisho itakuwa yetu. Mjomba mwambie tarehe ile ile aliyotaka kuja, akae nyumbani angoje. Isipowezekana Jumamosi hiyo basi inayofuata, lakini kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni. Na Mama, najua bila kuambiwa kwamba alishanitandikia kile kitanda changu chembamba cha usichana, akaniwekea na mto mmoja. Mwambie autoe. Atandike kile kipana cha chumba cha wageni, mito iwe miwili.

Wako na wake,
Kitinda